Sauti ya Pili

Siku moja jioni mwaka jana nilipanda mathree Nanyuki nikirudi nyumbani Isiolo. Tulikuwa abiria kumi na wanne, dere, konda, na gunia la viazi la mtu fulani katikati ya miguu yetu. Tulipotoka Timau dere akaanza kukimbiza. Ukiijua ile barabara unajua kwa nini inamvuta dere: lami nzuri, mashamba ya ngano huku na huku, na mbele yako lori za kwenda Moyale zinazojikokota. Lori la kwanza alilipita, sawa. La pili akalipita kwenye kona. Alipolipita la tatu kulikuwa na basi linakuja upande wetu, na alirudi kwenye laini yake nikiwa tayari nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Hakuna aliyesema kitu. Jamaa wa kando yangu aliangalia nje kama mtu anayesoma tangazo. Mimi nikatoa simu, nikaanza kuangalia meseji ambazo nilikuwa nimeshazisoma.

Kisha mama mmoja wa kiti cha nyuma, amejifunga leso, akasema, tena bila ukali wowote: "Dereva, mwanangu, punguza mwendo. Tuna watoto nyumbani."

Konda alicheka. "Mathe, ukiogopa si ununue gari yako."

Watu wawili watatu wakacheka naye. Mama akarudia. Dere akaongeza sauti ya redio. Tulipofika Subuiga, pale barabara ya Isiolo inapoachana na ya Meru, mama akasema, "Nishushe hapa." Konda akamkumbusha kwamba amelipa mpaka Isiolo. "Nishushe tu." Alishuka na mfuko wake, giza likianza kuingia, kabla ya ule mteremko mrefu wa kuingia kwetu. Nauli hakurudishiwa. Mlango ukafungwa, konda akagonga bodi mara mbili, tukaendelea.

Tulifika salama. Nilikula, nikalala. Hiyo "salama" ndiyo imekataa kuniacha tangu siku ile.

Ndani ya gari lile kulikuwa na stika ya Arsenal, stika ya Mashallah, na ile ya kila gari nchini: abiria chunga mzigo wako. Stika ambayo haikuwepo ni ile ya Zusha! Huenda umewahi kuiona. Ilikuwa ikibandikwa ndani ya matatu, mahali ambapo abiria hawezi kukwepa kuiangalia, ikimwambia kwamba dereva akiendesha vibaya, yeye abiria asinyamaze, azushe.

Kampeni hiyo ilianza kama jaribio la kitaaluma. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown kule Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijiuliza swali ambalo kila Mkenya amewahi kujiuliza akiwa kiti cha nyuma: kama sote humu ndani tunaogopa, kwa nini hakuna anayesema? Mwaka 2008 walianza kuweka stika kwenye zaidi ya matatu 1,000 za safari ndefu, zilizochaguliwa kwa kubahatisha, kama mtu anayerusha sarafu. Nyingine zikaachwa bila stika ili ziwe za kulinganishwa. Kisha wakatazama rekodi za bima.

Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalikuwa makubwa mno. Bila stika, madai ya bima yalikuwa kama asilimia 10 kwa mwaka. Penye stika, yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Wakarudia jaribio kwa magari 12,000, na ripoti ya mwaka 2015 ikaonyesha kupungua kwa robo hadi theluthi moja. Hapo kuna ajali 140 hivi ambazo kwa mwaka mmoja zilitarajiwa na hazikutokea.

Nilisoma takwimu kwa muda kabla sijaacha chuo, na kitu kimoja kilichonibakia ni heshima kwa jaribio la namna hii. Programu nyingi za kubadilisha tabia za wasafiri hujipima kwa mabango yaliyochapishwa, semina zilizofanyika, au tisheti zilizogawiwa. Mtu anakuambia "tumefikia wananchi laki mbili" na hapo ndipo hesabu inaishia. Hawa walipima kitu ambacho hawakuweza kukichezea, yaani karatasi za kampuni ya bima, ambaye hana sababu ya kumfurahisha mtafiti. Tena walisema ukweli hata ulipowaharibia hadithi. Matangazo ya redio yaliyoandamana na stika hayakuonyesha athari yoyote kwa madai ya bima. Mwendo wa magari yenye stika ulipungua kwa kilomita 1 hadi 2 tu kwa saa. 

Kwa hivyo sikuandika haya ili nibishane na namba. Namba nazikubali. Swali langu ni lingine: tunaposema programu kama hii "inafanya kazi", tunamaanisha imemfanyia nani kazi, na ni nani aliyeifanya hiyo kazi?

Rudi kwenye safari yangu ya Nanyuki. Ajali? Hakuna. Majeruhi? Hakuna. Dai la bima? Hakuna. Kama gari lile lingekuwa ndani ya jaribio, safari ile ingeingia kwenye daftari kama sifuri, na sifuri katika hesabu hii ndiyo ushindi. Lakini kuna mama alisimama kando ya barabara Subuiga usiku unaingia kwa sababu alifanya kile kile ambacho stika inaomba. Hayumo kwenye sifuri ile. Na sisi kumi na watatu tuliomwacha ashuke, hatumo pia.

Tukumbuke kwamba njia hii ya kumgeukia abiria si ya kwanza kujaribiwa Kenya. Februari 2004 zilianza kutumika zile tunazoziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Sheria hizo zilibana gari: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila kiti, mstari wa njano ubavuni. Dereva na konda wakavalishwa sare. Wazazi wetu bado wanazitaja kwa hamu, kama mtu anayetaja mvua ya zamani. Kisha vidhibiti vikachezewa, mikanda ikachakaa ikawa kitu cha kukalia, na usimamizi ukalegea. Wachumi wa Zusha! walianzia hapo hapo. Hoja yao ni kwamba mahali ambapo sheria haisimamiwi vizuri, ndani ya gari mna mtu ambaye ana kila sababu ya kutaka mwendo upungue, naye ni abiria.

Kiuchumi hoja hiyo ina akili. Kimaadili inaniwasha kidogo. Katika ripoti ya 2015 walipiga hesabu ya gharama: kwa stika zilizofanya vizuri zaidi, kuokoa mwaka mmoja wa maisha yenye afya kunagharimu kati ya dola 10 na 45. Ni bei rahisi sana. Lakini jiulize ni kwa nini ni rahisi. Kuna karatasi, gundi, na vijana wa kubandika. Yule anayefanya kazi yenyewe, anayefungua mdomo, anayeitwa mwoga mbele ya watu, anayeshushwa njiani, halipwi, na ujasiri wake hauna mahali pa kuandikwa kwenye karatasi ya matumizi.

Na ujasiri huo haukugawiwa sawa. Ndani ya mathree ya Isiolo kuna Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana, Msamburu, na mtu kama mimi ambaye akiulizwa kwao ni wapi hukohoa kwanza. Ukilalamika kwa lafudhi isiyo ya dere, kabla hujamaliza sentensi lalamiko lako limeshakuwa la kikabila. Ukiwa msichana, utaambiwa unajifanya. Ukiwa mzee wa kuitwa Haji, utasikizwa hata ukinong'ona. Ukiwa kijana wa kiume mwenye mabega, kama mimi, pengine hakuna atakayekucheka. Yaani aliyekuwa na gharama ndogo zaidi ya kusema siku ile nilikuwa mimi, na aliyesema ni mama.

Kisha kuna dere mwenyewe. Sitaki kumfanya shetani. Namjua mmoja, tumekua naye mtaa mmoja Bula Pesa. Kila siku ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari, na pesa inayozidi hapo ndiyo yake. Safari moja zaidi ni unga, ni kodi. Waangalie wanaoendesha pikapu za miraa kutoka Meru: jani likinyauka bei inaanguka, kwa hivyo mguu unalala kwenye mafuta. Dereva anasukumwa na mtu ambaye hayumo ndani ya gari. Stika inamwambia abiria amsukume kutoka upande wa pili. Dereva anabanwa katikati, abiria anatukanwa, na mwenye hesabu yuko nyumbani anatazama taarifa ya habari.

Basi je, tuseme stika ni uonevu, zing'olewe? Nilikaa na jibu hilo kwa muda, likinifurahisha kwa sababu linanitoa mimi kwenye lawama. Kama kosa ni la mwenye gari na la serikali, basi mimi nilikuwa abiria tu. Nililipa nauli, nikafika. Lakini hiyo hoja haitoshi. Lori lile la tatu halikujali ni nani anayestahili kulaumiwa. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja: kwamba haikuwa kazi yangu, na kwamba nilikuwa mtu aliyekuwepo.

Kuna jaribio la zamani linalonisaidia hapa. Mwaka 1968, wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaweka wanafunzi kwenye vyumba tofauti wakiongea kwa vipaza sauti, kisha mmoja wao akasikika kama anashikwa na kifafa. Ilikuwa maigizo, lakini wasikilizaji hawakujua. Waliodhani wao peke yao ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu.

Mimi sihitaji kwenda Marekani kuthibitisha hilo. Kwenye nduthi, nikiwa peke yangu nyuma ya mwendeshaji kutoka Kulamawe mpaka stage, husema bila hata kufikiri: "Boss, pole pole, sina haraka." Husema hata shimo likiwa mbali. Mimi yule yule, mdomo ule ule, nikiingia kwenye gari la watu kumi na wanne naugua bubu. Woga haujaongezeka. Kilichoongezeka ni watu wa kuwaachia. Kila mmoja anamtazama mwenzake, anaona ametulia, anahitimisha kwamba labda mwendo si mbaya hivyo. Kumbe naye amemtazama yeye.

Ndiyo maana jambo moja katika ripoti ile ya 2015 limenikaa kichwani kuliko asilimia zote. Kati ya jumbe mbalimbali walizojaribu, zilizofanya kazi zaidi ni zile zilizowaambia abiria waseme kwa pamoja. Picha za kutisha nazo zilichangia kuwasukuma watu. Lakini mwito wa pamoja ulikuwa na nguvu ya pekee.

Nadhani hapa ndipo tulipokuwa tunaliuliza swali vibaya. Tunapozungumza juu ya wajibu wa abiria, tunamfikiria yule wa kwanza: atasimama nani, atasema nani. Tunamsifu akisema, na sisi wengine tunajisamehe kwa kusema kwamba hatukuumbwa mashujaa. Ni kweli. Kuwa wa kwanza ni ushujaa, na ushujaa hatudaiani. Siwezi kumwambia mtu kwamba ana deni la kutukanwa na konda. Lakini mtu akishasema, hali inabadilika. Jambo limeshatajwa. Kinachotakiwa sasa ni neno moja au mawili kutoka kwa mtu wa pili: "Ni kweli." Gharama yake ni ndogo sana, na bila hilo yule wa kwanza anageuka kutoka mtu mwenye hoja kuwa mathe mwoga. Kuitikia ndilo deni letu. Mimi siku ile sikukosa ushujaa tu. Nilikataa kulipa deni dogo nililokuwa na uwezo nalo.

Na kuitikia si kitu kigeni kwetu. Msimulizi wa hadithi haanzi mpaka aitikiwe. Dua haifiki mbali bila amina za waliokaa. Wazee wa Kiborana wanapobariki, mmoja hutamka na wengine huitikia, na baraka ya mtu mmoja asiyeitikiwa ingekuwa maneno tu. Tumelelewa tukijua kwamba sauti ya kwanza peke yake haijakamilika. Tunakuja kulisahau hilo mlango wa mathree ukifungwa.

Utaniuliza: kama hakuna mwenye wajibu wa kuwa wa kwanza, si sote tutasubiri mpaka tufike mtaroni? Hapo ndipo nadhani stika ina maana yake. Stika ndiyo sauti ya kwanza. Haina lafudhi ya kabila lolote, haiwezi kuambiwa inunue gari yake, na haiwezi kushushwa Subuiga. Imeshasema kabla gari halijatoka stage. Anayefungua mdomo baada yake anaitikia tu jambo ambalo limeandikwa ukutani na kila mtu amelisoma. Kama nasoma vizuri matokeo yale, basi stika haikumpa abiria ujasiri aliokuwa hana. Ilimpunguzia bei ya kusema. Na huenda dereva naye aliisoma akajua tumeisoma, hata kama hakuna aliyetoa neno. 

Lakini nikikubali hivyo, nina madai mawili kwa yeyote anayepima programu za namna hii, iwe za matatu, za nduthi, au zile za kutuhimiza tuache magari tutembee. La kwanza: muulizeni aliyeshuka. Rekodi ya bima inatuambia ni magari mangapi hayakugonga. Haituambii ni nani alisema, alijibiwaje, na alifika vipi. Programu inayopunguza ajali kwa robo huku kina mama wakishushwa njiani na programu inayopunguza ajali kwa robo huku gari zima likiitikia, kwenye daftari zinafanana. Kwa watu waliomo ndani ni nchi mbili tofauti. La pili: tusiruhusu mafanikio ya stika yawe ruhusa ya wengine kulala. Kwa kuwa abiria anaweza kupunguza ajali kwa gharama ndogo, kuna hatari mwenye gari na msimamizi wa barabara wakahesabu kwamba kazi imeshapata mtu. Abiria anazusha kwa sababu kidhibiti mwendo kimekufa. Kukitengeneza kidhibiti hicho bado ni kazi ya mtu anayelipwa.

Miezi michache baadaye nilikuwa natoka Meru. Dere mwingine, konda mwingine, mwendo ule ule. Safari hii aliyesema ni kijana wa shule, sare ya kijani, begi limekumbatiwa kifuani. "Dere, pole pole bana."

Konda akageuka. Niliona mdomo wake ukijiandaa. Nikajisikia nikitoa mkono mfukoni kutafuta simu.

"Ni kweli anachosema," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyopanga, na mwishoni ikakatika.

Kimya kidogo. Halafu mzee mmoja wa mbele, bila kugeuka, "Eeh, punguza." Na mwanamke mwenye mtoto, "Sisi hatuna haraka."

Dere hakusema kitu. Alipunguza, labda kwa dakika kumi, kisha mguu ukaanza kurudi taratibu ulikokuwa, na mzee akakohoa kwa nguvu, ukapungua tena. Hivyo hivyo mpaka Isiolo. Hakuna aliyeniambia asante, na hakukuwa na sababu. Kwenye daftari la bima safari hii nayo ni sifuri, sawa kabisa na ile ya Nanyuki.

Yule kijana alishuka stage, mahali alipolipia.